Tusiisingizie Barabara Makosa ya Madereva

Kuna sentensi moja ambayo kila msomaji wa magazeti ya Kiswahili nchini Kenya anaifahamu fika, hata kama hajawahi kuketi akaitafakari: "Lori lilipoteza mwelekeo na kuligonga basi." Huchapishwa shule zinapofungwa, huchapishwa tena shule zinapofunguliwa, na ufikapo mwezi wa Desemba haikosi ukurasani. Kisarufi sentensi hii haina dosari. Ina kiima na kiarifa, na upatanisho wake wa ngeli umekaa sawasawa. Hata hivyo dereva mmoja wa basi, ambaye ameitumikia barabara kuu ya Nairobi, Nakuru na Mau Summit hadi Kisumu kwa zaidi ya miaka 25, aliniambia majuzi kwamba ni sentensi ya uongo. "Lori halina macho, mwalimu," alisema. "Litapotezaje mwelekeo? Aliyeupoteza ana jina, na leseni anayo mfukoni."

Leo nimekusudia kuyawasilisha malalamiko ya mzee huyu kwa wasomaji wangu, ambao najua wengi wao ni walimu na wanafunzi. Hao ndio abiria wake wakubwa. Mwanzo na mwisho wa muhula basi lake hujaa masanduku ya bati, magodoro na watoto waliovalia sare. Fauka ya hayo, nimeshawishika kwamba sehemu ya kosa analolilalamikia imejificha katika lugha yetu, na huenda tunaifundisha darasani pasipo kukusudia.

Asiyeijua barabara hii na aelezwe. Ukitoka Nairobi na kuzipita nyanda za juu za Limuru, ardhi hukatika ghafla ikateremka katika Bonde la Ufa. Zipo njia mbili za kushukia: ya juu inayopita Kimende na Kinungi hadi Naivasha, na ya chini inayopita Mai Mahiu, ambayo ilijengwa na mateka Wataliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kikanisa kidogo walichokijenga mwaka 1942 kingali kipo chini ya mteremko, na wapo wasafiri wanaosimama hapo kusali. Siwashangai. Mji wa Nakuru uko kwenye kimo cha takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia hapo barabara hupanda tena, ikapita Salgaa na Sachang'wan, hadi Mau Summit iliyo juu zaidi ya mita 2,400. Kwa hivyo lori litokalo magharibi na shehena yake hushuka zaidi ya mita 500 kabla ya kuufikia mji wa Nakuru. Hii ndiyo njia ya mizigo ya bandari ya Mombasa iendayo Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Ndiyo pia njia ya matatu, ya trekta za wakulima, ya mikokoteni ya punda, na ya basi la mzee wangu. Kwa miaka na mikaka sehemu yake kubwa imekuwa na njia moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Maafa yake yanajulikana. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka na kuwaua zaidi ya 100. Desemba 2016, huko Karai karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali yenye kuwaka liliyagonga magari mengine na takriban watu 40 wakateketea. Siku ya mwisho ya mwaka 2017, basi na lori viligongana ana kwa ana pale Migaa, na watu 36 wakaaga dunia. Tarehe 30 Juni 2023, mbele kidogo katika barabara ya Kericho, lori liliwafagia wachuuzi, wasafiri na magari kwenye makutano ya Londiani, na zaidi ya watu 50 hawakuiona kesho yake. Kila moja ya misiba hii lilikuwa na chanzo chake, nami sitaki kuichanganya. Ninaloomba ni msomaji aitazame aya hii niliyoiandika mimi mwenyewe, halafu aniambie ni dereva gani ametajwa humo. Hakuna hata mmoja. Lori lilipinduka, lori liligonga, lori liliwafagia. Ndivyo tulivyozoea kusema.

Nilizungumza na mzee huyu mjini Nakuru, katika mkahawa ambamo abiria walikuwa wameshuka kunywa chai. Nilitarajia aanze na kona za Kinungi, au ukungu wa Limuru ambao hufunika barabara hadi mtu asiione pua ya gari lake. Hakuanza na hayo. "Mlima hauna hila," alisema. "Kona iliyokuwepo jana ipo leo, na mteremko ni ule ule. Mimi na mlima tunajuana. Nisiyemjua ni huyu anayekuja upande wa pili."

Kisha akanieleza jambo ambalo mimi, kwa kuwa kazi yangu ni isimu, nilipaswa kulipiga darubini zamani. Barabara ile ina lugha yake. Ukiwa nyuma ya lori linalopanda kwa mwendo wa kinyonga, dereva wa lori akiwasha taa ya ishara ya upande wa kushoto amekwambia: pita, kule mbele ni kweupe. Akiwasha ya kulia amekwambia: tulia hapo hapo, kuna gari linakuja. Hakuna kitabu cha sheria za barabarani kinachoyasema haya. Katika sheria, taa ya kulia maana yake ni moja tu, kwamba gari linakata kulia. Hivyo ishara moja ina maana mbili, na moja ya hizo inaweza kukuua. Darasani tunawafundisha wanafunzi kwamba neno "kaa" laweza kuwa mnyama wa pwani, kipande cha moto, au amri ya kuketi, na kwamba muktadha ndio utakaoamua. Lakini muktadha unahitaji muda. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, basi hukata mita 22 kila sekunde. Muktadha hupatikana wapi hapo?

Ama taa kubwa za mbele, hizo ni balaa zaidi. Mzee alinihesabia kwa vidole maana tano za kumulika taa: ninakuja, nipishe, pita wewe kwanza, kuna askari wa trafiki mbele, ahsante ndugu. Dereva mgeni akimulikiwa "ninakuja" naye akaelewa "pita wewe kwanza", hapana mtu atakayerudi kumsahihisha. Isitoshe, kuna matawi ya miti. Lori likiharibika katikati ya mlima, utingo hukata matawi na kuyatandaza lamini, badala ya vile vibao vya pembe tatu vinavyoakisi mwanga ambavyo sheria inavitaka. Matawi yale ni ishara njema na imewaokoa wengi. Shida ni kwamba lori likishatengenezwa na kuondoka, matawi hubaki. Mawe yaliyowekwa kuzuia magurudumu nayo hubaki, tena usiku, tena kwenye kona. Siku ya tatu dereva anayapita matawi makavu bila kupunguza mwendo kwa kuwa jana na juzi yalimdanganya. Siku ya nne pana lori kweli.

Nilimuuliza kuhusu madereva wa kigeni, maana baadhi yao hutoka Rwanda na Kongo, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara. Nilidhani angewatupia lawama. Akatikisa kichwa. "Hao huuliza, mwalimu. Anayeniumiza ni mwenyeji, ambaye haulizi."

Waama kutoelewana si ndiko kunakomkera zaidi. Kinachomkera ni uongo. Kuna dereva wa lori ambaye amechoka kuona basi likimfuata kwa nyuma, akawasha taa ya kushoto bila hata kuangalia mbele, ilimradi amwondoe. Huyo amesema neno la uongo kwa mtu mwenye abiria 50. Kuna wenye magari madogo wanaomfuata wakimgusagusa, na anapoacha nafasi kati yake na gari lililo mbele, wao hupenya wakaijaza. "Ile nafasi ninayoiacha mbele yangu ndiyo breki yangu," alisema. "Wao huiona ni zawadi." Kila anapoirudisha nyuma ili aipate tena, mwingine anaingia, hata inafika mahali abiria wake wenyewe wanamzomea kwamba anaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kuna wasiopunguza taa usiku. Na kuna wale wa Desemba, ambao foleni ikisimama kwa dakika tano hujitungia njia ya pili, kisha ya tatu, mpaka wakutane uso kwa uso na wenzao waliofanya vivyo hivyo upande wa pili, ikawa hakuna wa kwenda wala wa kurudi hadi jogoo awike.

Kuhusu kupita magari mlimani, tulikaa na karatasi tukapiga hesabu, naye alizijua tarakimu hizo kabla sijaziandika. Tuseme lori linapanda kwa kilomita 20 kwa saa, na gari dogo linataka kulipita kwa kilomita 60. Kulipita lori moja refu na kurudi njiani salama kutalichukua sekunde tano au sita. Katika muda huo gari dogo limekwenda zaidi ya mita 90, na basi linalokuja upande wa pili kwa kilomita 80 limekwenda zaidi ya mita 120. Basi dereva anahitaji kuona zaidi ya mita 210 za barabara tupu. Malori yakiwa matatu yamefuatana, anahitaji zaidi ya mita 400. Hakuna kona ya mlimani itakayompa mita hizo, na ndiyo sababu mafundi wa barabara wamechora pale mstari usiokatika. Anayeuvuka mstari ule hajapoteza mwelekeo. Mwelekeo anao, amewapangia wengine kufa ili yeye awahi dakika mbili.

Halafu kuna neno "fri". Wasomaji wa Salgaa na vitongoji vyake wanalijua. Dereva wa lori akifika kileleni huitoa gia, akaliacha lori literemke kwa uzito wake. Hilo ndilo kuachilia gari fri. Nia yake ni kubana matumizi ya dizeli ili itakayobaki iuzwe kando ya barabara kwa mitungi. Lori likiwa kwenye gia ndogo, injini yenyewe hulizuia. Gia ikitolewa, kazi yote inaiangukia breki. Breki hubana chuma, kubana huleta joto, na joto likizidi breki hupoteza mshiko hata mguu ukanyage namna gani. Kwa lori lenye breki za upepo, dereva anayekanyaga na kuachia mara kwa mara humaliza upepo uliomo mitungini upesi kuliko unavyojazwa. Anapotanabahi na kutaka kuirudisha gia ndogo, kasi imekwisha kupita kiasi na gia haiingii tena. Hapo una chombo ambacho sheria za Afrika Mashariki zinakiruhusu kufikia tani 56, nacho hakina mwenyewe. La kuhuzunisha ni kwamba injini za dizeli za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linapoteremka likiwa kwenye gia. Lori la namna hiyo likiachiliwa fri, injini huendelea kunywa kidogo kidogo ili isizime. Kwa hivyo hata huo wizi wenyewe hauna faida.

Kesho yake tutasoma kwamba "breki zilikatika".

Hapa naomba nivae joho langu la ualimu. Kiswahili kina kauli ya kutenda, ya kutendwa na ya kutendeka. "Fundi alikata waya." "Waya ulikatwa na fundi." Katika sentensi ya pili fundi amesogezwa nyuma, lakini angalipo, na hata asipotajwa msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Na nani?" Sasa sema, "Waya ulikatika." Fundi hana tena mahali pa kukaa. Huwezi kusema "ulikatika na fundi". Sarufi yenyewe itakukatalia. Kauli ya kutendeka ina manufaa makubwa, na siitaki iondoke. Bila hiyo tungesemaje kwamba kikombe kimevunjika? (Kila mtoto aliyewahi kuvunja kikombe cha mamaye anaimudu kauli hii miaka mingi kabla ya kuifundishwa shuleni.) Ubaya ni pale inapotumiwa kuripoti mauaji. Breki zilikatika, basi lilipinduka, maisha yalipotea. Breki hizo zilichomwa na mtu aliyetoa gia, au na mwenye lori aliyeahirisha kuzitengeneza, au na mkaguzi aliyepokea kitu kidogo na kulipa lori cheti. Kauli ya kutendeka imewasamehe wote watatu kwa mpigo.

Neno "ajali" lenyewe lina kisa chake. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambako "ajal" ni muda uliowekwa, siku ya mtu kufika mwisho wake. Wazee wetu wa pwani walilitumia kwa maana hiyo: ajali ya mtu ikifika imefika. Baadaye tukalipa kazi ya pili, ya kutajia gari lililogongana na jingine, lakini maana ya kwanza haikuondoka. Imekaa ndani yake kama mpangaji wa zamani asiyetaka kuhama. Ndiyo maana mtu akisema "ajali haina kinga" wote tunaitikia kwa vichwa. Sina ugomvi na imani ya mtu yeyote. Najua ya kwamba kufa kumeandikwa. Lakini sijapata kusikia dini inayosema kwamba kulipita lori kwenye kona ya Sachang'wan nako kumeandikwa. Tumefika mahali pa kuzipa lawama hata kona. Tunaweka mabango ya kuonya kwamba hapa ni mahali pa mauti, na watu hukusanyika kufanya maombi ya kuitakasa barabara, kana kwamba lami ina pepo. Mzee wangu anapita juu ya lami hiyo mara kadhaa kila juma kwa robo karne, na lami haijamfanya lolote.

Najua wanahabari watanijibu, na jibu lao lina uzito. Mwandishi hawezi kumhukumu mtu kabla ya mahakama, na mara nyingi dereva mwenyewe yu maiti, hawezi kujitetea. Sawa kabisa. Lakini kutaja tendo si kutoa hukumu. Inawezekana kuandika kwamba, kwa mujibu wa polisi, dereva wa lori alikuwa akilipita gari jingine mahali penye mstari usiokatika. Inawezekana kuandika kwamba chanzo hakijajulikana, kisha mwandishi arudi baada ya mwezi mmoja kutueleza kilichojulikana. Hilo la kurudi ndilo adimu kuliko yote.

Nije sasa kwa walimu wenzangu. Kwa miaka mingi mtihani wa darasa la nane, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, uliwafundisha watoto wetu aina fulani ya insha ya ajali. Sote tunaijua. Safari ilianza alfajiri na mapema, jua likichomoza kwa madaha. Ghafla bin vuu, dereva akapoteza udhibiti. Vilio vikahanikiza, damu ikatapakaa, na msimulizi akajikuta hospitalini amezungukwa na jamaa. Insha hufungwa kwa "ajali haina kinga", na mwalimu huweka alama ya vyema pembezoni kwa sababu ya methali. Nimezisoma insha za namna hiyo nyingi mno, za wanafunzi wanaojiunga na chuo kikuu wakiwa wangali wanaziandika. Sijaona hata moja ambamo abiria anamwambia dereva apunguze mwendo. Sijaona ambamo mtoto anauliza kwa nini basi limepakia watu wa kusimama. Dereva wa insha hana hulka, hana makosa, hana hata sura. Mtoto aliyelelewa na insha hizi ndiye atakayekaa kiti cha nyuma baada ya miaka kumi, dereva akiuvuka mstari, naye akashika rozari au simu yake, asiseme neno.

Wapo watakaosema kwamba nimemsikiliza dereva wa basi nikasahau kwamba madereva wa mabasi nao si malaika. Sikusahau. Alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018, huko Fort Ternan, basi lililotoka Nairobi kuelekea magharibi liliacha barabara mteremkoni na kuwaua zaidi ya watu 50, na halikugongana na lori lolote. Nilimtajia mzee wangu jambo hilo, naye hakulikwepa. Aliniambia kwamba wapo wenzake wanaoendesha usiku kucha na kuamkia zamu nyingine, na wapo wenye mabasi wanaohesabu safari bila kuhesabu usingizi. Akaongeza kwamba kile kidhibiti mwendo kinachotakiwa kuzuia basi lisipite kilomita 80 kwa saa, fundi anayejua kazi yake hukilegeza kwa dakika chache. Sisi tuliokuwa vyuoni wakati ule tunakumbuka tarehe 1 Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika. Matatu nyingi zilitoweka barabarani, watu wakatembea kwa miguu hadi kazini, na baada ya siku chache magari yakarudi yakiwa na mikanda na vidhibiti mwendo. Jambo lililonivutia katika kanuni zile ni kwamba zilimtaja mtu. Dereva atafanya hivi, kondakta atavaa hivi, abiria atafunga mkanda. Hazikuilaumu kona yoyote. Zililegea siku wanaotakiwa kuzisimamia walipolegea, na tangu mwaka 2021 nchi hii imekuwa ikiwazika zaidi ya watu 4,000 wa barabarani kila mwaka.

Serikali imefanya kazi, tusiwe wachoyo wa kushukuru. Baada ya msiba wa Migaa, vizuizi vya zege viliwekwa kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka katika sehemu ya Salgaa, na huko magari hayakutani tena uso kwa uso kama zamani. Mwishoni mwa mwaka 2025 ilizinduliwa kazi ya kuipanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit. Mzee wangu ameifurahia habari hiyo, ingawa anasema huenda akastaafu kabla haijakamilika. Lakini Londiani ilikuja miaka mitano baada ya vizuizi vile. Zege huzuia magari yasikutane. Haliwezi kumzuia mtu aliyetoa gia kileleni asiwaangukie wachuuzi wa viazi chini. Nilimuuliza angeanzia wapi lau angepewa madaraka kwa siku moja. Alicheka, kisha akaniuliza kama nimewahi kuuona ule ubao wenye mji wa kuchezea, ambao juu yake wanafunzi wa udereva hutahiniwa kwa kusukuma vigari vidogo. Nikamwambia nimeuona. "Ubao ule ni tambarare, mwalimu. Kijana anapita mtihani pale, halafu anapewa lori alishushe Mau." Angetaka kila anayeomba leseni ya lori au basi ashuke mteremko mrefu akiwa na mzigo, mtahini akiwa kando yake, na ishara zote za barabarani, zile za kitabuni na zile za madereva wenyewe, zikubaliwe kuwa na maana moja moja na zifundishwe.

Hilo la ishara naliunga mkono kwa mikono miwili, kwa kuwa kuisanifu lugha ni kazi ambayo nchi zetu zimewahi kuifanya na kuiweza. Katika kufundisha kwangu nimeanza na dogo zaidi. Muhula huu kila mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili ameleta habari tano za ajali alizozikata gazetini, na kazi yake ni kuandika upya kila sentensi kwa kauli ya kutenda, akimtaja mtenda kwa cheo chake: dereva wa lori, mwenye basi, mkaguzi, askari, mkandarasi. Pale habari inapokosa mtenda, hakuna ruhusa ya kumbuni. Ni lazima aandike "hakutajwa". Karatasi za kwanza nimeshazipokea. Zimejaa "hakutajwa" kutoka juu hadi chini, na wanafunzi wawili tayari wameniuliza kama wanaweza kupewa barua ya kuwapeleka kituo cha polisi wakaulize wenyewe. Barua nimeziandika. Mwalimu yeyote wa shule ya upili anaweza kulitoa zoezi hili darasani mwake bila kitabu cha kiada. Magazeti ya juma moja yatamtosha.